Sauti Mbili Kwenye Kamba ya Vumbwe

Kitendawili!

Nina nyoka asiye na kichwa, ana mikia miwili tu. Watu kumi na sita wamemshika, wanane huku na wanane kule. Hakuna aliyeumwa, lakini wanane wanacheka na wanane wamekaa matopeni.

Fikirini. Si mnyororo wa baiskeli, wewe. Wala si foleni ya bombani. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Same? Haya, nimeupokea. Nimekwenda Same, nimekula pilau, nimekunywa chai ya tangawizi, nimerudi. Jibu ni kamba. Kamba ya kuvutana.

Na kwa kuwa mmeniuliza maneno mliyomsikia shangazi yenu akiwaambia wale wanakwaya waliokuwa wakizozana, "Kamba yenye sauti mbili huvutwa na upande wa pili," sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare palikuwa na vijiji viwili, Vumbwe na Kisuru, vilivyotumia maji ya ndiva moja. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono ya watu, ukuta wake mawe na udongo, na chini yake kuna tundu lililozibwa kwa gogo. Maji ya kijito hujaa humo usiku kucha. Asubuhi gogo linachomolewa, maji yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Sasa tundu ni moja na vijiji ni viwili. Kila kiangazi kilipoanza ilibidi ijulikane nani atamwagilia kwanza, maana anayetangulia alichukua maji siku kumi na nne mfululizo ndipo mwenzake apewe.

Wazee wa zamani walichoka kuzika watu waliopigana kwa majembe, wakaamua kamba iamue. Siku ya mwisho ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya vijiji vyote viwili, watu wote wakishamaliza kuzoa tope na kusafisha mifereji, kila kijiji kilitoa wavutaji wanane. Kamba ilikuwa ya katani, nene kama kifundo cha mkono. Mivuto ilikuwa mitatu. Aliyeshinda miwili alikuwa na maji ya kwanza, na hakuna aliyebisha.

Vumbwe walikuwa wameshindwa miaka miwili mfululizo. Na mwaka huu ninaowasimulia mvua zilikatika mapema, jua likayakuta maharage yako katika maua. Haragwe lililo katika maua ni kama mama aliyeshikwa na uchungu. Huwezi kumwambia angoje wiki mbili.

Timu ya Vumbwe ilikuwa na wakubwa wawili. Meneja alikuwa Senkondo, mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kitambi na kicheko kikubwa. Kazi yake ilikuwa kuchagua wale wanane na kuwalisha. Mwalimu alikuwa Elinihaki, mwembamba, mpole mpaka umguse. Kazi yake ilikuwa kuwapanga, kuwafunza, na siku yenyewe kusimama kando ya kamba akiwaita. Na hao wawili walikuwa mashemeji. Elinihaki alimwoa Nakiete, dada yake Senkondo.

Shamba la Elinihaki lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji, mahali maji yanapofika yakiwa yamechoka. Mwaka ule alikuwa amepanda maharage matupu, kwa sababu yale mahindi ya mwaka jana yalikauka akingoja zamu ya Vumbwe. Kila asubuhi alikwenda akashika jani moja kwa vidole viwili, akaliachia. Hakumwambia mtu lilivyokuwa jepesi. Lakini mkewe alimwona.

"Wakishinda Kisuru?" Nakiete alimuuliza.

"Hawashindi."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Miezi miwili alikuwa amewafunza watu wake macho yakiwa yamefungwa kwa vitambaa, kamba imefungwa kwenye kisiki cha mkarati. Alikuwa na maneno mawili tu. Akisema "Kaa!" wote wanachimbia visigino chini na kushikilia, hawavuti. Akisema "Vuta!" wote wanakwenda nyuma kama mtu mmoja. Kati ya maneno hayo mawili alikuwa anangoja. Alikuwa anangoja mpaka adui apumue.

"Macho yanaogopa," aliwaambia. "Sikio haliogopi. Fuateni sikio."

Ugomvi ulianza kwa sababu ya mkia wa kamba. Mvutaji wa mwisho ndiye anayejizungushia kamba mwilini. Yeye akianguka, wote wameanguka. Elinihaki alimtaka Kajiru, mtu wa makamo, si mkubwa wa mwili, lakini hakuwahi kuvuta kabla ya kuitwa. Senkondo alimtaka Mndeme, mbeba magunia wa mashine yake, dume la mtu, anayebeba gunia la mahindi kama wewe unavyobeba begi lako la shule. Kuchagua watu ilikuwa kazi ya meneja, hilo lilijulikana. Kuwapanga ilikuwa kazi ya mwalimu, na hilo nalo lilijulikana. Lakini Senkondo hakumwendea shemeji yake nyumbani wakayasema. Aliyasema sokoni, siku ya gulio, mbele ya watu wa vijiji vyote viwili.

"Jamani, mmesikia?" alisema huku akipima tangawizi. "Shemeji yangu hataki wavutaji. Anatafuta wanakwaya! Anataka watu wenye masikio mazuri. Labda tutawashinda Kisuru kwa kuwaimbia!"

Soko zima likacheka. Mashemeji wanataniana, na mtani hakatazwi. Nani angejua kama pale palikuwa na zaidi ya utani?

Elinihaki alizipata habari hizo kabla hata chumvi aliyoiagiza haijafika nyumbani. Naye hakumwendea Senkondo. Alingoja siku ya kwanza ya msaragambo, watu mia wameinama mferejini, akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kufika mbali:

"Nasikia meneja wetu anachagua watu kama anavyochagua magunia. Kwa uzito! Afadhali gunia, shemeji. Gunia likiwekwa mahali linakaa."

Watu wakacheka tena, wakagonga majembe. Mndeme naye alikuwa mle mferejini, tope magotini. Hakucheka.

"Gunia linakulisha, shemeji!" Senkondo akajibu kutoka upande wa pili. "Wewe umemlisha nani mwaka jana? Dada yangu amekonda kwa kula sauti yako!"

Vicheko vikapanda. Nakiete alikuwa amebeba karai la tope kichwani. Akalishusha, akaondoka.

Jioni alimwambia mumewe, "Watu wanadhani mnataniana. Mimi namjua kaka yangu. Akikasirika, ndivyo anavyocheka. Nenda kwake leo."

"Aje yeye. Yeye ndiye aliyeanza."

"Na maharage je? Nayo yangoje nani ameanza?"

Elinihaki hakwenda kwa shemeji yake. Aliona mkewe ana haki, na hilo ndilo lililomfunga miguu zaidi.

Basi ikawa hivyo wiki tatu. Meneja akisema neno dukani, linafika kwa mwalimu limeongezwa pilipili. Mwalimu akisema neno kilabuni, linafika mashineni limeongezwa chumvi. Na sokoni, kati ya mafungu ya magimbi, alikaa mwanamke mmoja wa Kisuru, Bi Namkunda, mfupi, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kamba wa Kisuru. Hakuuliza kitu chochote. Aliuza magimbi yake, akasikiliza. Alijua Senkondo ameshinda, Mndeme ndiye aliyewekwa mkiani. Alijua mwalimu hamtaki. Siku moja alimsikia Senkondo akitangaza, "Siku ya mvuto nitasimama kule mkiani mimi mwenyewe. Mwalimu akichelewa kuita, nitaita!" Bi Namkunda akampimia mteja wake gimbi moja la nyongeza, akatabasamu.

Siku ikafika. Watu walijaa juu ya ukuta wa ndiva na kwenye vichuguu, kina mama na watoto migongoni. Maji yalikuwa yametulia, mazito, ya kijani. Mzee wa ndiva, ambaye ndiye mwamuzi, alifunga kitambaa chekundu katikati ya kamba, akachora mistari kwa ncha ya jembe.

Mvuto wa kwanza, Senkondo alikuwa bado anagawa uji wa wavutaji. Filimbi ikalia naye yuko mbali, ana upawa mkononi. Kwa hiyo iliita sauti moja.

"Kaa!" Elinihaki aliita.

Visigino vikaingia ardhini. Kisuru walivuta, wakavuta tena. Kitambaa kilitikisika tu. Mndeme kule mkiani alikuwa kama kisiki; kamba ilimbana kiunoni na hakusogea hata unyayo. Elinihaki alimwona, na moyoni akasema, lo, huyu bwana kweli ni nanga. Lakini alisema moyoni tu. Akangoja. Akaona mabega ya Kisuru yanashuka, wanavuta pumzi.

"Vuta!"

Wakaenda nyuma kama mtu mmoja. Mara tatu tu, kitambaa kikavuka mstari.

Vumbwe wote wakaruka. "Mwalimu! Mwalimu! Mwalimu!" Wakamwinua Elinihaki mabegani. Hakuna aliyemtaja aliyemchagua Mndeme. Hakuna aliyemtaja aliyewalisha miezi miwili, mayai na maharage na nyama ya Jumamosi. Senkondo alisimama na upawa wake, uji ukimdondokea viatuni. Elinihaki alimwona kutoka kule juu mabegani. Angeweza kunyoosha mkono amwonyeshe kwa watu, aseme, "Na huyu pia." Neno lilikuwa fupi. Hakulisema.

Senkondo akautupa upawa, akaenda kusimama mkiani, nyuma ya Mndeme.

Bi Namkunda aliyaona yote hayo. Aliwaita watu wake, wakaweka vichwa pamoja. "Safari hii msivute," aliwaambia. "Shikilieni tu. Watajivuta wenyewe."

Filimbi ya pili ikalia.

"Kaa!" Elinihaki aliita.

Wakakaa. Kisuru nao wakakaa. Kamba ikanyooka katikati yao, ngumu kama mti, haiendi huku wala kule. Ikapita pumzi moja. Ikapita ya pili, ya tatu. Elinihaki alikuwa anatazama mabega ya Kisuru, na mabega hayakushuka. Ngoja, alijiambia. Ngoja tu.

"Unangoja nini?" Senkondo alipiga kelele kule nyuma. "Haya! Haya! Haya!"

Sasa sikilizeni vizuri. Mndeme alikuwa amebeba magunia ya Senkondo miaka sita. Kila asubuhi, gunia likiwa chini, bosi wake alisema "Haya!" naye akainuka. Mwili wake haukujua tena kufikiri baada ya neno hilo. Bosi akasema haya, Mndeme akainuka. Visigino vikatoka ardhini.

"Kaa!" Elinihaki aliita.

"Haya!"

Wawili wakavuta, watano wakakaa, mmoja akageuza shingo kutazama nyuma. Kamba ikapiga wimbi, kama nyoka aliyekanyagwa.

Na hapo, wajukuu zangu, Elinihaki alikuwa na nafasi. Alilijua hilo wakati uleule; si jambo alilokuja kulifikiri baadaye. Angenyamaza tu. Sauti ya Senkondo ingebaki peke yake, mbaya au nzuri, lakini moja, na wale wanane waliofunzwa kufuata sikio wangeifuata. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kufumba. Ndipo likaja wazo: wakishinda kwa sauti ya Senkondo, watamwinua Senkondo mabegani. Mdomo ukafunguka tena.

"Kaa! Nimesema kaa!" alipiga kelele, mishipa imemtoka shingoni.

"Vuta, Mndeme! Haya!"

"Sasa," alisema Bi Namkunda, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kisuru wakavuta mara moja. Vumbwe wakaja mbele kama kuku waliofungwa miguu pamoja, Mndeme akaanguka kifudifudi na kamba yake kiunoni.

Kabla ya mvuto wa tatu palikuwa na mapumziko mafupi, na hayo mapumziko watu wa Vumbwe waliyakumbuka kwa miaka mingi. Wavutaji walikaa chini wakitema mate viganjani. Badala ya kuwapa maji, wakubwa wao wawili walikuwa wamesimama uso kwa uso katikati ya uwanja, vijiji viwili vinatazama.

"Nani kakuita mkiani?" Elinihaki alisema. "Kazi yako ni uji!"

"Uji! Watu wangu hawa! Mndeme ni wangu, mimi nimemleta!"

"Umemleta anifundishe kuanguka?"

"Ungekuwa unaita kama mwanamume asingeanguka! Unangoja, unangoja, unangoja nini? Umengoja hata dada yangu anakula majani!"

"Usimtie dada yako mdomoni mwako!"

"Ni dada yangu kabla hajawa mke wako!"

Safari hii hakucheka mtu. Nakiete alikuwa ukutani. Alijifunika uso kwa upande wa khanga.

Kajiru ndiye aliyeinuka. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, damu inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Akaenda akasimama kati yao, mdogo wa mwili kama alivyokuwa.

"Mwalimu. Meneja. Mtanisamehe," alisema. "Mimi sitaki kujua nani ana haki. Nataka kujua kitu kimoja, kwa sababu filimbi inakuja. Tukisikia sauti mbili, tufuate ipi?"

Senkondo alimtazama Elinihaki. Elinihaki alitazama chini. Mmoja angesema "Yake," mambo yangekwisha pale pale. Neno moja tu. Kajiru alingoja, damu inadondoka.

Filimbi ikalia.

Sitawachosha na mvuto wa tatu. Wa pili ulikuwa na sauti mbili. Wa tatu ulikuwa na mbili zilizokauka. Kisuru walishikilia, Bi Namkunda akasema "Sasa," na kitambaa chekundu kikaenda upande wao kwa urahisi kama nguo inayoanuliwa kambani. Mndeme alipoinuka alilia, mtu mzima yule, machozi yakapita kwenye tope. "Niliwasikia wote wawili," alikuwa akisema. "Niliwasikia wote wawili."

Ilikuwepo desturi moja ngumu. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijapiga, mwalimu na meneja wa kijiji kilichoshindwa walipaswa kulichomoa gogo la ndiva kwa mikono yao, kuwafungulia maji walioshinda. Na watu wa kijiji chao walipaswa kuwepo. Wazee walitaka hivyo ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakujua.

Elinihaki alipita kwanza shambani kwake. Alishika jani. Halikurudi vidole vilipoliachia, lilivunjika. Maua meupe yalikuwa chini ya mashina, kama punje za mchele zilizomwagwa na mtoto. Hata maji yangekuja siku ile ile, yale yaliyoanguka yasingepanda tena. Na hayangekuja kwa siku kumi na nne. Akapanda mlimani.

Senkondo alikuwa ameshafika. Alisimama ndani ya maji mpaka magotini, suruali imekunjwa, kitambi chake hakina kicheko. Elinihaki akaingia upande wa pili wa gogo. Lile gogo mtu mmoja haliwezi. Walishika, mmoja huku, mmoja kule. Senkondo akajaribu, likakataa. Elinihaki akajaribu, likakataa. Watu ukutani walikuwa wanatazama. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Senkondo akasema, taratibu, bila kumtazama, "Ita wewe."

Elinihaki akalishika gogo upya, akachimbia visigino topeni. Kisha akaita, si kwa nguvu. Gogo likatoka. Maji yakanguruma chini ya miguu yao, yakageuka kushoto, kuelekea Kisuru. Bi Namkunda alikuwa amesimama kando ya mfereji wake. Hakuwacheka. Aliinamisha kichwa tu, akayafuata maji yake na jembe begani.

Hao mashemeji walibaki mle majini na gogo mikononi, kama watu walioshika maiti. Ndipo Kajiru akashuka kutoka ukutani. Mikono yake ilikuwa imefungwa matambara. Akasimama mbele yao.

"Jana niliuliza, hamkunijibu," alisema. "Mwaka ujao wakinishikisha kamba nitauliza tena, na mtoto wangu naye atauliza. Tukisikia sauti mbili, tufuate ipi?"

Wote wawili wakafungua midomo kwa pamoja. Wote wawili wakanyamaza kwa pamoja. Mtu mmoja ukutani akashindwa kujizuia, akaguna.

"Sema wewe, shemeji," Senkondo alisema.

"Hapana, sema wewe."

"Wewe ndiye mwalimu. Sema. Wasikie wote."

Elinihaki aliwatazama watu wa Vumbwe, walivyokaa juu ya ule ukuta. Akamwona Nakiete kati yao, khanga imeshuka, anamtazama. Akayatazama maji yanayokwenda. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya uwanjani, ya kufika mbali:

"Usifuate hata moja, Kajiru. Ukizisikia mbili, achia kamba ukalale, maana mmeshashindwa. Kamba yenye sauti mbili huvutwa na upande wa pili."